Bei Tatu za Likizo

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni mtunza stoo wa hospitali, na kazini kwao hata sabuni ya kufulia mashuka hainunuliwi mpaka zipatikane bei tatu kutoka maduka matatu, kila moja kwenye karatasi yake yenye mhuri. Si mtu mbaya, msije mkanielewa vibaya. Ni kwamba miaka kumi na minane ya kulinganisha bei imemwingia kwenye damu. Tulipotaka kupaka rangi mlango wa choo, zilikuja karatasi tatu, zikalinganishwa, na mlango ukakaa mwaka mzima bila rangi.

Kwa hiyo mwanangu aliposema mezani, "Mwaka huu tunaenda likizo, familia nzima, hela ipo," mimi niliweka kijiko chini nikamtazama mke wake. Alikuwa ameshanyanyuka kufuata daftari.

Mwanangu ni fundi wa mafriji. Hela aliyoisema ilikuwepo kweli, laki tisa, malipo ya kufunga chumba cha baridi kwenye bucha moja kubwa. Lakini likizo yenyewe ilianza kusemwa zamani, mjukuu wangu wa kwanza akiwa hajamaliza kubadili meno. Wakati ule walisema tusubiri watoto wakue kidogo, wajue wanachokiona. Basi tukasubiri. Watoto wakakua, tena wakapitiliza. Wa kwanza, tunayemwita Dada, ana miaka ishirini na miwili na amemaliza chuo, amesomea kupima maji. Wa pili ana kumi na tisa, jina lake Ngongoti, maana miguu yake hutangulia kufika mahali naye akafuata. Wa mwisho ni Kitinda, ana kumi na tano na ana maoni.

Kikao cha kwanza kilikaa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mkwe alikuwa mwenyekiti, na kwa kuwa haamini mwandiko wa mtu mwingine, akawa pia katibu. Mimi nilikaa kwenye kiti changu karibu na dirisha nachambua mchele.

"Akidi imetimia," akasema mkwe.

"Akidi ndiye nani tena?" nikauliza.

"Maana yake watu wametosha, mama."

"Aa. Mimi nilidhani tunaongezewa mgeni."

Akaandika wasafiri, mmoja juu ya mwingine. Baba. Mama. Dada. Ngongoti. Kitinda. Halafu akaandika Bibi, na mbele ya Bibi akaweka alama ya kuuliza. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini alama ya kuuliza tulifundishwa la pili. Niliiona kutoka dirishani.

"Hiyo ndoano mbele ya jina langu ni ya kuvulia nini?"

"Tutaangalia tu, mama. Ni kwa sababu ya magoti yako."

"Magoti yangu hayajaulizwa."

"Mama anakwenda," akasema mwanangu.

"Hakuna aliyesema haendi. Nimeweka alama," akasema mkwe, na ndoano ikabaki.

Wakakubaliana safari za aina tatu zitafutiwe bei: hoteli ya ufukweni, mbuga ya wanyama, na nyumba ya kupanga huko milimani kwenye baridi. Mkwe akaanza na hoteli palepale, simu akaiweka sauti kubwa katikati ya meza ili wajumbe wote wasikie.

"Mna watoto wangapi, mama?" akauliza msichana wa hotelini, sauti tamu kama anaimba.

"Watatu," mkwe akajibu kwa furaha, maana tangazo lao lilisema watoto ni nusu bei.

"Wana umri gani?"

"Kumi na tano, kumi na tisa, na ishirini na miwili."

Tukasikia kalamu ikiwekwa chini.

"Mama," akasema yule msichana taratibu, "hao si watoto. Hao ni wateja."

Ngongoti alicheka mpaka goti lake likainua meza. Mkwe hakucheka. Aliwatazama wanawe mmoja mmoja kana kwamba wamekua kwa makusudi.

"Miaka kumi na mmoja nyuma wangelipa nusu wote watatu," akasema.

"Miaka kumi na mmoja nyuma ulisema tusubiri tukue," akasema Kitinda.

"Wewe ulikuwa na miaka minne. Umeyajulia wapi?"

"Bibi kaniambia."

Nikainamia mchele wangu. Ulikuwa na mawe mengi siku ile.

Ikaja habari ya vyumba. Watoto wadogo unawalaza popote, wanne kitanda kimoja, kama viatu kwenye boksi. Hawa wetu je? Kitinda alisema halali chumba kimoja na Ngongoti hata alipwe, kwa sababu anakoroma na miguu yake inatoka kitandani kwake inaingia kwa jirani. Kwa hiyo vyumba vitatu. Chakula chao ni cha kupakua mwenyewe, na msichana alipoambiwa habari za ulaji wa Ngongoti akasema kwa upole kwamba sahani ya pili inalipiwa. Jumla ikawa milioni moja na laki mbili.

Mbuga ilikuwa laki tisa, tukafurahi, mpaka tukaambiwa gari la kutazamia wanyama lina viti vitano vya abiria. Wa sita anakodiwa gari lake. Wote wakanitazama mimi, halafu kwa adabu wakatazama dari.

Nyumba ya milimani ndiyo ilikuwa rahisi, laki sita, lakini huko bila koti huendi, na nyumba hii haina koti hata moja. Makoti sita yakatafutiwa bei. Tatu, bila shaka.

"Na tukifika huko tutafanya nini?" akauliza Kitinda.

"Tutapumzika," akasema baba yake.

"Si hapa tunapumzika bure?"

Sasa sikilizeni kitu kilichotuumiza. Kila karatasi ya bei ina maneno madogo chini yake: bei hii ni ya siku kumi na nne. Na mkwe ana kanuni yake ya kazini kwamba bei hazilinganishwi mpaka zote tatu ziwe mezani, zote zina mhuri, zote hazijapitwa na siku. Karatasi ya hoteli ilifika kesho yake. Ya mbuga ikaja baada ya wiki. Mzee wa milimani akaandika bei yake vizuri kabisa, lakini hakuwa na mhuri. Mkwe akamrudishia. Yule mzee wa watu akaenda kuchongesha mhuri, gharama ya kuchongesha akaiongeza kwenye kodi ya nyumba, na karatasi yake ilipofika, ya hoteli ilikuwa imepitwa na siku moja. Ikaombwa upya. Ikaja imepanda.

"Kazini mnapataje hata panadoli kwa mtindo huu?" mwanangu akamuuliza.

"Kazini tunaanza mapema."

"Sisi tumeanza Ngongoti akiwa hana meno ya mbele."

Ilikuwa katikati ya hayo, siku ya Jumatano asubuhi, watu wote wameshatoka, Dada alipokuja akakaa chini karibu na kiti changu. Mjukuu wa miaka ishirini na miwili akikaa chini karibu na bibi yake, ujue ana neno. Akanipa karatasi. Nikaisoma polepole, kidole kikiwa juu ya mstari. Amepata kazi. Maabara ya mamlaka ya maji, mji wa mbali, saa tisa kwa basi. Aripoti Jumatatu ya tarehe moja. Chumba cha mfanyakazi kipo.

"Mama yako ameona?"

"Bado, bibi. Usimwambie, tafadhali."

"Kazi inafichwa siku hizi?"

"Akijua tu, hela yote ataihamishia kwenye godoro na jiko, na safari imekufa. Mimi nataka tusafiri kwanza. Sote. Nikishaanza kazi sijui nitapata likizo lini, na Ngongoti naye anaenda chuo." Akachukua mchele mkavu kiganjani akawa anauchezea. "Tangu nizaliwe hatujawahi kulala sote mahali ambapo si hapa. Hata usiku mmoja, bibi."

Nilitaka kumwambia si kweli, nikatafuta, nikakuta ni kweli. Mafriji ya watu yaliharibika kila sikukuu. Stoo ilihesabiwa kila mwisho wa mwaka. Nikaahidi kufunga mdomo. Kisha nikahesabu kwa vidole: kabla ya tarehe moja vikao vilibaki viwili.

Kwenye kikao cha pili nilijitahidi kwa njia ya halali. Nilisema, "Nitoeni mimi. Mkinitoa, gari la mbugani linatosha, nanyi mnaondoka wiki hii hii."

"Mama, bila wewe hatuendi," mwanangu akasema.

Mkwe akaandika kwenye daftari: Bibi amejitoa, ombi limekataliwa. Ndoano hakuifuta. Kwa hiyo nilikuwa mtu asiyeruhusiwa kubaki na asiye na uhakika wa kwenda.

"Basi chagueni yoyote," nikasema. "Fumbeni macho mguse."

"Mama, hatuwezi kugusa tu. Ya hoteli imeisha muda leo asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Leo ni leo, mama."

Dada alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Alianza kukusanya vikombe ilhali watu walikuwa bado wanakunywa.

Nilifikiri siku tatu. Kumsukuma mkwe wangu hakusaidii, ni sawa na kusukuma friji lililojaa: utaumia mgongo, na ndani vitu vitamwagika. Mtu wa taratibu unamwendea kwa taratibu zake. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kikao cha kwanza kwamba pendekezo lolote liletwe kwa maandishi.

Siku ya nne nikavaa viatu vyangu vya kanisani. Yale magoti yaliyowekewa ndoano yakanipeleka mpaka kituo cha mabasi. Niliingia ofisi ya kwanza nikasema nataka bei ya watu sita kwenda na kurudi, na mizigo, kwenye karatasi.

"Bibi, nauli imebandikwa pale ukutani," akasema kijana wa tiketi.

"Nimeiona. Niandikie, upige mhuri."

"Mhuri wa nini, bibi yangu?"

"Wa kumfurahisha mkwe wangu."

Akacheka, akapiga mihuri miwili. Nikaingia ofisi ya pili, kisha ya tatu. Nilirudi nyumbani na karatasi tatu ndani ya pochi. Msishangae, nilijisikia mtu mkubwa.

Kikao cha tatu kilikuwa Jumapili, siku nane kabla ya Dada kuripoti. Mkwe alifungua kwa kusema kwamba karatasi ya mbuga imepitwa na siku, kwa hiyo leo tutajadili makoti.

"Mimi nina pendekezo la nne," nikasema. "La maandishi."

Nikamsogezea ukurasa niliouandika kwa herufi zangu kubwa, na zile karatasi tatu zimebanwa kwa kibanio cha nguo. Aliona mihuri kwanza. Uso wake ukalainika kama mtu aliyeona ndugu zake ugenini. Akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kazini.

"Pendekezo la nne. Kumpeleka Dada kazini. Kuondoka Alhamisi. Kuripoti..."

Sauti ikakatika. Akarudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Kazi gani?"

Dada alinigeukia na uso ambao sijauzoea. "Bibi, uliniahidi."

"Sijatamka neno. Nimewasilisha."

"Kazi gani, jamani?" mwanangu naye akauliza, akamnyang'anya mkewe ukurasa.

Dada akaenda chumbani akaleta ile barua. Mama yake aliisoma mara mbili. Akavua miwani. Tangu niishi naye nimemwona akivua miwani kwenye misiba miwili tu.

"Umeijua lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu. Na mimi nimekaa hapa nalinganisha makoti."

Hakuna aliyecheka, hata Ngongoti. Mkwe alishika mkono wa mwanawe juu ya meza akaufinya, kisha akavaa miwani na akawa mtunza stoo tena. "Basi likizo tuiache. Hela yote iende huku. Godoro, jiko, sufuria, pazia. Baba yake atampeleka, arudi kesho yake."

Ikawa kama Dada alivyosema siku ile, neno kwa neno. Akainamisha kichwa. Hata kutabiri sawasawa hakukumfurahisha.

"Hujamaliza kusoma," nikamwambia mkwe. "Soma mstari wa chini."

"Wasafiri, sita." Akanitazama. "Mama, watu sita kumpeleka mtu mmoja?"

"Godoro atalibeba nani? Ngongoti. Umeme wa chumba ataukagua nani? Si baba yake? Kitinda atapanga nguo, ana maoni. Na vyombo, kama vimekamilika, nani atavihesabu? Mtoto anaanza maisha, ana stoo mpya, hujaiona, unalala usingizi?"

Lile neno stoo lilimgusa. Nikaona.

"Na kulala?"

"Chumba kipo, barua inasema. Magodoro tunanunua mawili, si moja, la pili la wageni. Sisi ndio wageni wa kwanza."

"Na wewe, mama? Saa tisa kwenye basi?"

"Mimi ndiye niliyeleta bei."

Akazipanga zile karatasi tatu mbele yake. Zote na mhuri, zote hazijapitwa na siku. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, kila kitu kilikuwa mezani kwa wakati mmoja, na nilimwona akivuta pumzi ya raha. Akakataa bei ya chini kabisa kwa sababu ina shaka, akakataa ya juu kwa sababu ni wizi, akachukua ya katikati. Wajumbe wakanyoosha mikono. Ngongoti alinyoosha yote miwili, akagusa taa. Kitu ambacho kwa jina la likizo kilishindikana wiki nne, kwa jina la shughuli kilipita robo saa.

Dada alinifuata jikoni. "Bibi, wewe ni mwongo mkubwa."

"Karatasi zangu zote zina mhuri," nikamwambia.

Tukaenda. Chumba kilikuwa kimoja, na kibaraza. Mwenye nyumba anayewapangishia watu wa maji, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, alikuwa na friji lililokufa tangu mwaka jana, amelifanya kabati la viatu. Mwanangu alipoliona hakuweza kujizuia. Lilipoanza kunguruma yule mama aliruka, akatupa chumba cha pili kwa siku zote nne bila malipo, na barafu. Kwa hiyo tulipata vyumba viwili, vya bure, na Kitinda hakulala na Ngongoti.

Vyombo vilihesabiwa Ijumaa asubuhi kabla ya saa nne. Baada ya hapo shughuli ikawa imekwisha na siku tatu zikabaki, na hakuna aliyezitaja. Chini ya mji kuna mto wenye mahali pa kuogelea. Dada alikuwa amepewa chupa zake za kazi mapema, akachota maji akasema kwa heshima kubwa, "Kesho nitawapa majibu kama ni salama." Ngongoti alikuwa ameshaingia na ameshayanywa. Mwanangu alimvuta mkewe akiwa na viatu, wakaanguka wote wawili, na mkwe wangu akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya msichana. Alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Hakuuliza bei ya kitu chochote. Mimi nilikaa juu ya jiwe, magoti yangu ndani ya maji, nayo hayakulalamika.

Jioni tulikula kibarazani, sahani ya pili haikulipiwa. Dada alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilipomwuliza ana nini akasema, "Nahesabu tu, bibi. Tuko wote."

Jumatatu asubuhi alikwenda kazini amevaa koti jeupe, akatupungia mkono bila kugeuka mara mbili. Sisi tukapanda basi.

Jumapili iliyofuata mkwe alifungua daftari. Pua ya Kitinda ilikuwa inabambuka kwa jua. Viatu vya mkwe vilikuwa bado dirishani vinakauka. Laki tisa ilikuwa imebaki laki mbili na nusu.

"Likizo ya familia," akasoma alichoandika. "Haikufanyika, kwa sababu ya shughuli ya kumhamisha Dada. Imeahirishwa mpaka mwakani. Kuna mwenye la kuongeza?"

Mwanangu alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Hakuna," nikasema. "Iandike hivyo hivyo."

"Safari hii tuanze mapema," akasema mkwe. "Hoteli, mbuga na milima. Yule mzee sasa ana mhuri."

Akafungua ukurasa mpya akaandika wasafiri wa mwakani. Nikanyoosha shingo kutoka dirishani. Baba. Mama. Bibi, jina la tatu, peke yake, limenyooka, halina ndoano. Ngongoti. Kitinda. Kalamu ikasimama kidogo. Mwisho kabisa akaandika Dada, na ndoano akaiweka pale.

Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama ya kwangu. Mimi nikarudi kwenye mchele wangu, nikapunguza kikombe kimoja.